Visasili vya Ayalandi na Mila za Kipagani, za Kale na za Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ikiwa wapagani wa Ayalandi hawakuandika, visasili vyao vimetufikiaje?

Vimetufikia kwa mikono ya watawa wa Kikristo, na mtu asiyeliweka jambo hilo moyoni tangu mwanzo atapotea njia mara nyingi. Ayalandi ya kale ilikuwa na aina moja tu ya maandishi, iitwayo oghamu, ambayo ni mikato iliyochongwa kwenye ukingo wa jiwe. Mawe ya namna hiyo yaliyosalia ni takriban 400, mengi yakiwa ya karne ya 5 na ya 6, na karibu yote hayasemi neno zaidi ya jina la mtu na la babake au ukoo wake. Hayana sala wala hadithi.

Masimulizi marefu yaliandikwa katika nyumba za watawa, na hati kongwe tulizonazo za masimulizi hayo zimechelewa mno. Lebor na hUidre, yaani Kitabu cha Ng'ombe wa Rangi ya Kahawia, kiliandikwa Clonmacnoise kando ya mto Shannon mnamo mwaka 1100 hivi. Mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa na waporaji katika kanisa la hapohapo mwaka 1106. Kitabu cha Leinster kilifuata katika karne hiyohiyo ya 12. Kwa kuwa Ukristo ulikwishaingia kisiwani katika karne ya 5, waandishi hawa walitenganishwa na upagani wenye nguvu kwa muda usiopungua miaka 500.

Basi masimulizi hayo ni ya kipagani au ya Kikristo?

Ni ya watu waliokuwa Wakristo na waliowapenda mababu zao, na hali hizo mbili hazikukaa pamoja bila msuguano. Ushahidi mzuri kuliko wote umo mwishoni mwa Táin Bó Cúailnge, simulizi refu la wizi wa ng'ombe, katika Kitabu cha Leinster. Mwandishi anamalizia kwanza kwa Kiayalandi, akimwombea baraka kila atakayelihifadhi simulizi hilo kwa uaminifu bila kulibadilisha sura. Kisha anageukia Kilatini, lugha ya kanisa, na kutamka kwamba yeye binafsi hayasadiki mengi ya aliyoyaandika: mengine ni hila za mashetani, mengine ni tungo za washairi, na mengine yametungwa ili kuwafurahisha wapumbavu. Ni mtu yuleyule, na wino ni uleule. Mimi humwamini katika kauli zote mbili.

Wako wataalamu wanaoyasoma masimulizi haya kama dini ya kale iliyovishwa kanzu ya Kikristo, na wako wanaoyaona kuwa fasihi ya karne za kati iliyotumia majina ya miungu kama malighafi. Hatari ipo pande zote mbili, lakini msomaji wa leo huponzwa zaidi na upande wa kwanza, kwa kuwa ndio unaovutia. Mfano ulio wazi ni Lebor Gabála Érenn, kitabu cha karne ya 11 kinachosimulia makundi yaliyohamia kisiwani moja baada ya jingine: ukoo wa kwanza unaunganishwa na Nuhu na gharika, na wakaaji wa mwisho wanapitishwa Misri na Hispania ili historia ya Ayalandi ipate kuingia ndani ya historia ya Biblia.

Tuatha Dé Danann ni akina nani?

Ni kabila la miungu, ingawa waandishi wa Kikristo hawakukubaliana kuhusu nini cha kuwaita: wengine waliwafanya binadamu wenye elimu kubwa ya uganga, wengine malaika walioanguka nusu ya njia. Mkubwa wao kwa heshima ni Dagda, mwenye chungu kisichomwacha mgeni na njaa na rungu ambalo ncha moja huua na nyingine hufufua. Wamo pia Nuada mfalme aliyekatwa mkono, Dian Cécht tabibu aliyemtengenezea mkono wa fedha, Goibniu mhunzi, Ogma mwenye nguvu, Manannán mac Lir wa baharini, na Morrígan, ambaye hujitokeza vitani kwa umbo la kunguru na kutabiri nani atakufa.

Vita vyao vikubwa ni vya Mag Tuired, dhidi ya Fomoire, watu wa kutisha waliotoka ng'ambo ya bahari. Wengi hukumbuka jinsi Lugh wa Tuatha Dé alivyomuua Balor wa Fomoire, babu yake mzaa mama, kwa kombeo lililolitoboa jicho lake lenye sumu. Sehemu inayofundisha zaidi kuhusu jamii hiyo, hata hivyo, ni ile inayotangulia. Nuada alipopoteza mkono hakuweza kuendelea kutawala, kwa sababu mfalme mwenye kilema hakukubalika, na kiti kikampata Bres, kijana mzuri wa sura na bahili wa kupindukia. Wageni waliomtembelea waliondoka visu vyao havijaguswa na mafuta ya nyama na vinywa vyao havinuki pombe. Siku moja akafika mshairi Cairbre, akapewa kibanda kidogo chenye giza, bila moto, bila kitanda, na vijimkate vitatu vikavu juu ya kisahani. Asubuhi alipoondoka alitoa ubeti wa kumkashifu mfalme, unaosemwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo katika Ayalandi, na tangu siku hiyo mambo ya Bres yakawa ni kuharibika tu. Anayejua malenga wanavyoogopwa na matajiri wenye mkono mkavu hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatimaye Tuatha Dé walishindwa na wana wa Míl, ambao ndio mababu wa Waayalandi, na nchi ikagawanywa: walioshinda walichukua ardhi ya juu, walioshindwa wakachukua iliyo chini, ndani ya vilima na makaburi ya kale. Kilima cha namna hiyo huitwa sí, na watu waishio humo ni watu wa sí. Hao tutawarudia.

Majina haya yanatamkwaje?

Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Katika Kiayalandi cha kale jina Lugh liliishia na sauti ileile ya "ghali", na jina la malkia Medb lilikuwa na "dh" ya "dhahabu" katikati, likifuatwa na "v". Sauti hizi mbili zimepotea katika matamshi ya leo, ambapo Lugh husikika kama "Luu" na Medb kama "Mev". Kati ya majina ya sikukuu, Samhain hutamkwa "Sauin", Lughnasadh ni "Luunasa", Bealtaine ni "Byaltana", na sí ni "shii".

Táin Bó Cúailnge inahusu nini, na kwa nini inapewa uzito huo?

Inahusu wizi wa ng'ombe. Malkia Medb wa Connacht na mumewe Ailill wako kitandani wakibishana nani kati yao ana mali zaidi. Vitu vinaletwa na kuhesabiwa, kuanzia ndoo hadi makundi ya nguruwe, na wanalingana kwa kila kitu isipokuwa fahali mmoja mwenye pembe nyeupe, Finnbennach, aliyezaliwa katika zizi la Medb lakini akahamia kwa Ailill kwa kuona aibu ya kumilikiwa na mwanamke. Fahali pekee wa kumlinganisha naye ni Donn wa Cúailnge, katika nchi ya Ulaid upande wa kaskazini. Mwenyewe anakubali kumwazimisha, ila wajumbe wa Medb wanalewa na kujigamba kwamba angekataa wangemchukua kwa nguvu. Hapo vita vinaanza.

Wanaume wa Ulaid hawawezi kupigana. Zamani mfalme wao alimlazimisha Macha, mwanamke mwenye mimba, ashindane mbio na farasi wa kifalme. Alishinda, akajifungua mapacha papo hapo, na akawalaani wanaume wote wa nchi hiyo kwamba siku ya hatari kubwa watashikwa na uchungu wa uzazi. Anabaki kijana mmoja asiyeguswa na laana, Cú Chulainn mwenye umri wa miaka 17, akilizuia jeshi zima kwenye vivuko vya mito, mtu kwa mtu, hadi siku anapolazimika kumuua Ferdiad, rafiki aliyelelewa na kufunzwa vita pamoja naye. Mwishoni fahali wawili wanapambana, Donn anamuua mwenzake, kisha moyo wake mwenyewe unapasuka. Hakuna aliyebaki na fahali.

Ndani ya masimulizi haya kuna jambo linaloitwa geis, ambalo Kiswahili kinalo tayari: ni mwiko. Kila shujaa au mfalme ana miiko yake, na kifo chake huja miiko inapogongana. Jina Cú Chulainn maana yake ni mbwa wa Culann, kwa sababu utotoni alimuua mbwa wa mhunzi huyo na akajitolea kulinda mahali pake. Hivyo ilikuwa mwiko kwake kula nyama ya mbwa. Ilikuwa mwiko vilevile kuipita meko ya mtu bila kuonja chakula. Vikongwe waliokuwa wakichoma mbwa kando ya njia walipomkaribisha, hakuwa na pa kukimbilia, na mkono ulioipokea nyama ukapooza. Alikufa amejifunga kwenye jiwe ili afe wima, na maadui hawakuthubutu kumkaribia mpaka kunguru alipotua begani mwake. Sanamu ya tukio hilo, kazi ya Oliver Sheppard ya mwaka 1911, imo ndani ya jengo la Posta Kuu mjini Dublin kuwakumbuka walioasi utawala wa Uingereza mwaka 1916.

Tunajua nini kwa hakika kuhusu druidi na ibada zao?

Tunajua machache. Maelezo marefu ya druidi, yaani makuhani na wasomi wa kipagani, ni ya Julius Caesar, naye aliandika juu ya Galia, nchi ambayo sasa ni Ufaransa, katika karne ya 1 KK. Anasema elimu yao haikuandikwa na kwamba wanafunzi wengine walikaa miaka 20 wakihifadhi beti kichwani. Katika sheria za kale za Ayalandi druidi yumo, ila ameshushwa hadhi na Ukristo, na sehemu kubwa ya heshima yake imehamia kwa fili, mshairi msomi.

Kuhusu kafara za binadamu, kinachosema zaidi ni miili iliyohifadhiwa na udongo wa vinamasi. Mwaka 2003 ilipatikana miwili, ya Clonycavan na ya Old Croghan, yote ya wanaume wa Zama za Chuma waliouawa kikatili karne kadhaa kabla ya Kristo. Yule wa Clonycavan alikuwa amepaka nywele mafuta yaliyochanganywa na utomvu wa msonobari uliotoka kusini, Ufaransa au Hispania. Wa Old Croghan, aliyekuwa na kimo kinachokaribia mita 2, mikono yake ilitobolewa na kupitishwa vijiti vya kusokota, na chuchu zake zilikatwa. Mwanaakiolojia Eamonn Kelly wa Makumbusho ya Taifa ametoa hoja kwamba hawa walikuwa wafalme au watu waliofaa kuwa wafalme, waliotolewa mhanga na kuzikwa mipakani mwa falme. Ni hoja yenye nguvu ingawa haijakubaliwa na kila mtu. Katika maungamo yake, Mtakatifu Patrick, mmisionari wa Ayalandi wa karne ya 5, anataja kwamba alikataa kunyonya chuchu za mabaharia wapagani, na inaelekea hiyo ilikuwa ishara ya kujiweka chini ya ulinzi wa mtu.

Je, ni kweli Patrick aliwafukuza nyoka, na nyoka hao ni druidi?

Hapana kwa yote mawili. Baada ya enzi ya barafu nyoka hawakuwahi kufika kisiwani, kwa hiyo hakukuwa na wa kufukuzwa. Dai kwamba nyoka ni fumbo la druidi ni la kisasa, na halimo katika maandishi ya Patrick wala katika habari za kwanza za maisha yake. Wala hakuwa wa kwanza: mwaka 431 Papa Celestino alimtuma Palladius kuwa askofu wa Waayalandi waliokwisha kumwamini Kristo, maana yake walikuwapo. Jina la Patrick limeenea hata Afrika Mashariki kwa njia ya wamisionari wa Kiayalandi, na shule ya Mtakatifu Patrick ya Iten, Kenya, inajulikana duniani kwa wanariadha wake kuliko kwa visa vya nyoka.

Sikukuu nne za mwaka ni zipi?

Ni Samhain, tarehe 1 Novemba. Imbolc, tarehe 1 Februari. Bealtaine, tarehe 1 Mei. Na Lughnasadh, tarehe 1 Agosti. Zote huanza jioni inayotangulia, kwa sababu siku ilihesabiwa kuanzia machweo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, hatapata taabu kulielewa hilo.

Sikukuu hizi zilifuata mifugo na mavuno kuliko jua. Bealtaine ilikuwa wakati wa kuwapeleka ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi, na kamusi inayohusishwa na Askofu Cormac, ya mnamo mwaka 900, inasema druidi waliwasha mioto miwili na ng'ombe wakapitishwa katikati ili wasipatwe na maradhi. Lughnasadh ilifungua mavuno. Utafiti mkubwa wa Máire MacNeill uliochapishwa mwaka 1962 ulionyesha jinsi ilivyoendelea kuishi bila jina lake: watu walipanda vilima Jumapili ya mwisho ya Julai, vijana wakachuma matunda madogo ya porini na kuchumbiana. Hadi leo siku hiyohiyo maelfu ya mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick, wenye mita 764, baadhi yao miguu mitupu.

Brigid ni mungu au ni mtakatifu?

Ni swali ambalo Waayalandi wenyewe hulijibu kwa namna tofauti. Kamusi ya Cormac inamtaja Brigit binti wa Dagda, aliyeabudiwa na washairi, na dada zake wawili wenye jina hilohilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Kwa upande mwingine, kanisa lina Mtakatifu Brigid wa Kildare, mwanzilishi wa nyumba ya watawa, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Februari, siku ya Imbolc. Katika karne ya 12 Gerald wa Wales aliandika juu ya moto wa Kildare usiozimika: watawa 19 waliulinda kwa zamu, kila mmoja usiku wake, na usiku wa 20 ukaachiwa Brigid mwenyewe aulinde. Moto huo ulikuja kuzimwa, na mwaka 1993 masista wa shirika la Brigid waliuwasha tena Kildare.

Je, mtakatifu ni mungu aliyebatizwa, au ni mwanamke wa kweli aliyerithi sifa za jina lake? Mimi naelekea kwenye la pili, lakini sitagombana na mtu. Jambo lililo nje ya ubishi ni mila za nyumbani. Usiku wa kuamkia sikukuu watu huchuna nyasi za kinamasi kwa mkono, bila kuzikata kwa kisu, na kuzisuka msalaba wenye mikono minne: unaanza na unyasi mmoja uliosimama, wa pili unakunjwa juu yake, kisha unageuza robo mzunguko na kuongeza mwingine, hadi katikati panapojaa kama mkeka mdogo. Msalaba hutundikwa juu ya mlango au chini ya paa ili nyumba isiungue. Kipande cha kitambaa, brat Bríde, huachwa nje usiku huo kipate umande, na mwaka mzima hutumiwa kufungwa kichwani panapouma au kuwekwa karibu na mama anayejifungua. Waliofanya hivi kwa karne nyingi walikuwa Wakatoliki waliosali rozari jioni hiyohiyo, na wangeshangaa kuambiwa wao ni wapagani. Tangu mwaka 2023 sikukuu ya Brigid ni mapumziko ya kitaifa.

Halloween ilitoka Samhain?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Samhain ulikuwa mlango wa majira ya baridi, usiku ambao vilima vya sí hufunguka na waliokufa hukaribia nyumbani. Kanisa liliweka hapohapo sikukuu ya Watakatifu Wote na ya Marehemu. Watoto walivaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba, mkate wenye zabibu ulifichwa pete ndani yake ili kumtabiri atakayeolewa, na taa za kutisha zilichongwa kwa turnipi, kiazi kigumu kinachofanana na figili kubwa. Nakala ya plasta ya taa ya namna hiyo kutoka Donegal imehifadhiwa katika Makumbusho ya Maisha ya Mashambani huko Mayo, na uso wake uliosinyaa unaogopesha kuliko boga lolote. Boga ni la Marekani, ambako wahamiaji wa Kiayalandi na wa Uskoti waliipeleka sikukuu hii. Hakuna mungu wa mauti aitwaye Samhain. Hilo ni kosa la waandishi wa zamani ambalo bado linarudiwa.

Watu wa sí ni akina nani, na je, bado wanaaminiwa?

Wasifikiriwe kuwa vijitu vyenye mabawa. Katika masimulizi ya vijijini wana kimo cha watu wa kawaida, wana ng'ombe na ugomvi wao, huteka watoto na mama waliojifungua na kuacha kitu kinachofanana nao, na hawatajwi kwa jina bali huitwa "watu wema", kwa hofu. Makazi yao ni maboma ya udongo ya duara, mabaki ya mashamba ya karne za kati ambayo bado ni makumi ya maelfu nchini, na miti ya miiba inayosimama peke yake kondeni. Wakulima wengi hawayagusi hata leo. Mwaka 1999 msimulizi Eddie Lenihan alipigania kichaka cha miiba cha Latoon, Clare, kilichokuwa katika njia ya barabara kuu mpya, na kichaka kikaachwa.

Imani hiyo ina upande wa giza usiofaa kupambwa. Mwaka 1895 huko Tipperary, Bridget Cleary, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 26, aliugua, na mumewe akasadiki kwamba aliyelala kitandani si mkewe bali ni kibadala cha watu wa sí. Alinyweshwa dawa za mitishamba kwa nguvu, akahojiwa mbele ya jamaa, na mwishowe akachomwa moto. Mumewe alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia.

Anayetaka kuzisoma imani hizi kwa maneno ya wenyewe ana hazina isiyo ya kawaida: kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa wakawaulize wazee wao na kuandika majibu, na madaftari hayo sasa yanasomeka bure kwenye intaneti.

Newgrange ilijengwa na Waselti?

Hapana. Kaburi hilo la bonde la Boyne lilijengwa mnamo mwaka 3200 KK, muda mrefu kabla ya lugha yoyote ya Kiselti, ambazo Kiayalandi ni mojawapo, kusikika kisiwani. Waayalandi wa baadaye walilikuta na kulifanya jumba la Dagda na mwanawe Aengus. Juu ya mlango kuna tundu ambalo, siku za karibu na tarehe 21 Desemba, hupitisha jua la asubuhi hadi chumba cha ndani kwa dakika 17 hivi. Profesa Michael O'Kelly aliliona jambo hilo mwaka 1967, akiwa peke yake gizani. Anayetaka kuwamo ndani asubuhi hizo huingia bahati nasibu.

Upagani wa leo ulianza lini? Je, ni uleule wa kale?

Haukurithiwa moja kwa moja. Ulijengwa upya katika karne ya 20. Kwanza washairi na watafiti wa mwishoni mwa karne ya 19, wakiwamo W. B. Yeats na Lady Gregory, waliwarudisha miungu katika fikra za watu. Kisha Wicca, dini mpya ya kipagani, ilitoka Uingereza, ikielezwa hadharani na Gerald Gardner mwaka 1954. Mwaka 1976 ndugu wawili wa ukoo wa Robertson, Olivia na Lawrence, pamoja na Pamela mke wa Lawrence, walianzisha Fellowship of Isis, jumuiya ya waabudu mungu wa kike, katika ngome yao ya Clonegal, Carlow. Kuanzia miaka ya 1980 likatokea kundi jingine, la wanaojaribu kuifufua dini kwa kufuata hati na akiolojia, na wanaojifunza Kiayalandi kwa ajili hiyo.

Mengi yanayouzwa kama ya kale ni mapya. Mzunguko wa sikukuu nane unaofuatwa na wapagani wengi wa leo umeunganishwa katika miaka ya 1950. Sikukuu nne tu ndizo zenye mizizi ya Kiayalandi iliyo wazi. Kalenda ya miti yenye miezi 13, ambamo kila mtu ana "mti wake wa kuzaliwa", ilitungwa na mshairi Robert Graves na kuchapishwa mwaka 1948. Upya wenyewe si dhambi, kwa kuwa kila dini ilikuwa mpya siku moja. Kinachoudhi ni muuzaji anayebandika tarehe ya uongo.

Wanafanya nini hasa?

Hutegemea kundi. Wengi huwa na madhabahu ndogo nyumbani, huwasha mshumaa kwa Brigid, humwaga maziwa au kinywaji chini kama sadaka, na hukutana vilimani sikukuu zinapofika. Uisneach, kilima kinachohesabiwa kuwa kitovu cha nchi, huwashwa moto mkubwa wa Bealtaine hadharani. Viongozi walioandikishwa na serikali wanaweza kufungisha ndoa halali, mikono ya maharusi ikifungwa kwa utepe.

Neno "mpagani" limeingia Kiswahili likiwa tusi la misheni, na mtu hawezi kulitumia kwa jirani yake bila kumkosea. Hawa wamelichukua wenyewe na kulivaa kwa fahari. Wala hawamwabudu Shetani, kwa kuwa huyo ni wa itikadi ambayo wao si wafuasi wake.

Ninapotembelea maeneo haya, nizingatie nini?

Usifunge kitambaa mtini kwa sababu tu umeona vingine. Katika desturi ya visima vitakatifu, mgonjwa alifunga kipande cha nguo yake ya pamba au sufu, na kadiri kilivyooza ndivyo maradhi yalivyotarajiwa kuondoka. Nailoni ya watalii haiozi, bali hulikaba tawi. Usiguse mawe ovyo pia. Lia Fáil, jiwe la wafalme pale Tara, lilipigwa nyundo mwaka 2012 na kumwagiwa rangi mwaka 2014.

Kama una siku moja tu, na tayari umeiona Newgrange, nenda Rathcroghan, Roscommon, makao ya Medb katika masimulizi. Humo kondeni lipo pango la Uaimh na gCat, yaani pango la paka, ambalo waandishi wa Kikristo waliliita lango la jehanamu la Ayalandi na ambamo Morrígan alitokea. Liko kwenye shamba la mtu, hivyo utaenda na mwenyeji. Utaingia kwa kutambaa matopeni, na kabla kiza hakijakufunika, inua taa uangalie jiwe lililolazwa juu ya mlango wa ndani. Limekatwa kwa oghamu, na linasomeka: la Fraech, mwana wa Medb.